Kimya Upande wa Gatsata

Kibagabaga, Kigali
Jumapili, 19 Januari 2025

Mdogo wangu Eustadia,

Tumsifu Yesu Kristo. Na wewe Sista Pamela, mlezi wake, ambaye najua utaisoma barua hii kabla ya mwenyewe, tumsifu Yesu Kristo pia, na pole kwa mwandiko wangu.

Mimi mzima. Krismasi nilikuwa Muleba kwa Mama. Goti bado linamsumbua ila ulimi uko palepale. Alikuwekea kopo la senene wa kukaanga, akanionya nisilifungue njiani. Nililifungua. Kilichobaki atakuletea Révérien, yule jamaa anayeleta mchele Kigali kupitia mpaka wa Rusumo. Amekubali kuwa tarishi wetu, maana nyumba yenu ya malezi haitaki simu kuiona wala kuisikia. Hebu fikiria, natafuta bahasha dukani Kabeza, muuzaji ananiuliza harusi ni lini.

Uliniuliza siku hizi nafanya nini hasa. Tunatengeneza antena bapa, ukubwa wa sinia la pilau. Juu yake kuna vipande kumi na sita vya shaba, na nyuma ya kila kipande kuna amplifaya yake ndogo ya kuyaongezea mawimbi nguvu. Kwa kawaida hutumika amplifaya moja kubwa, ghali, inayochemka kama birika, na ikifa, kila kitu kimekufa. Sisi tunataka wadogo wengi, kila mmoja atoe nguvu yake pale pale alipo, na nguvu hizo zijumlike hewani mbele ya bamba. Akifa mmoja, wenzake wanaendelea. Tukifaulu, zahanati na shule zilizo nyuma ya vilima zitapata intaneti bila mtu kuchimba mtaro wa nyaya. Nusu ya bamba nimeiunga mimi, nusu nyingine ameiunga Kaliza, Mnyarwanda aliyekulia Mwanza, fundi hasa.

Sasa sikia kioja. Tumeliweka bamba juu ya paa hapa Kibagabaga, likaelekezwa mlima wa Gatsata, ambako Manzi, kijana wetu wa vipimo, amesimama na kipokezi. Tukiwasha amplifaya moja moja, kila moja inafika. Tukiwasha zote pamoja, kimya. Manzi akanipigia: "Bosi, hapa hakuna kitu. Ile moja ya asubuhi ilikuwa inaongea kuliko hizi zote." Aliposhuka na pikipiki alisahau kuzima kipokezi, na kwenye kona moja ya barabara, pembeni kabisa ya tulikolenga, kikaanza kulia, kisha kikanyamaza. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

Na lile jambo letu. Umebaki muda mfupi kabla ya nadhiri za Agosti. Nafasi yako ya fizikia chuoni Dar bado ipo, niliuliza. Umeamua nini?

Kaka yako,
Protas

*

Ngara
9 Februari 2025

Kaka Protas, shikamoo.

Milele na milele, amina. Senene wamefika, yaani mabawa mawili matatu na mguu. Mungu anakuona.

Huku kwetu salama. Mvua imenyesha, maharage yanachanua, na mimi nimepewa zamu ya ng'ombe wawili ambao mmoja ananichukia waziwazi. Mwambie Mama goti alikande kwa maji ya moto na aache kupanda ngazi za ghalani.

Barua yako imenikosesha usingizi. Sista Pamela naye anasema aliisoma mara mbili, na kwa kawaida barua zetu wanovisi, sisi tunaojiandaa kwa nadhiri, anazipitia juujuu tu akitafuta wachumba. Ameniuliza mbele ya wenzangu: kama kila kimoja kina nguvu, nguvu hiyo inakwenda wapi? Haiwezi kupotea. Nikamwambia Sista, hilo ndilo swali lenyewe. Kwa hiyo wote wawili tunakuuliza. Mmepima pembeni? Ile kona aliyopita Manzi iko kushoto au kulia kwa mlikolenga? Mkizima nusu yako, nusu ya Kaliza peke yake inasikika Gatsata? Na je, mnajuaje kwamba zote zinaanza pamoja?

Hili la pili naliandika kwa haraka ili nisiogope. Siku ya nadhiri, kila mmoja wetu huongozwa na baba yake kutoka mlangoni hadi altareni. Mama Mkuu humwuliza baba kwa sauti: je, mnamtoa binti huyu kwa hiari yenu? Naye hujibu watu wakisikia. Baba yetu hayupo tena duniani. Natakiwa kumwandikia Sista jina la atakayesimama mahali pake. Je, ni wewe?

Mdogo wako,
Eustadia

*

Kibagabaga
23 Februari 2025

Mdogo wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Mama amekataa maji ya moto. Anasema goti ni lake.

Haya, maswali. Nusu yangu peke yake inasikika Gatsata vizuri sana. Nusu ya Kaliza nayo vizuri sana. Pamoja, kimya. Kona ya Manzi iko kushoto, halafu juzi tukamtuma upande wa kulia, akakuta kelele kule pia. Mbele tu, tunakokutaka, ndiko hakuna kitu.

Mwambie Sista Pamela afikirie gari lililokwama kwenye tope. Watu kumi na sita wakilisukuma kwa pamoja, linatoka. Wakisukuma kila mmoja kwa wakati wake, wanachoka bure. Mawimbi nayo ni hivyo hivyo: nguvu pekee haitoshi, lazima yapande pamoja na kushuka pamoja. Sasa, mita yetu inapima jasho la mtu tu. Haisemi anasukuma au anavuta. Nimekagua nusu yangu mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema, iko sawa. Kaliza anasema yake iko sawa. Basi kuna mmoja wetu anayekosea na hajijui, na kusema kweli mimi sijioni kuwa ndiye.

Ulichoniuliza mwishoni nimekisoma. Nami nilikuuliza kwanza, hukunijibu. Uliondoka chuoni ukiwa unaongoza darasa, ukasema unakwenda kusali wiki moja, na wiki hiyo haijaisha hadi leo. Mtu mwenye maswali kama haya yako anafanya nini na ng'ombe? Sista Pamela, unisamehe, lakini na wewe jiulize.

Protas

*

Ngara
4 Machi 2025, Jumanne

Kaka,

Shikamoo. Sista amekusamehe. Amesema hata yeye anajiuliza, hasa akiniona na huyo ng'ombe.

Naandika mbio kwa sababu kesho ni Majivu, na kuanzia kesho hadi Pasaka barua haziendi wala haziji. Ndiyo mfungo wa nyumba hii. Révérien akipita leo jioni, umepona.

Nadhani nimejua. Kanisani kwetu hatukai tukitazama altare. Tunakaa pande mbili, tukitazamana, na altare iko mwisho. Wiki yangu ya kwanza Sista alituambia, "Geukeni kulia." Wote tulitii, na sote tulikuwa sahihi, lakini upande mmoja ukatazama altare na upande wa pili ukatazama mlango. Jana nilikuwa nimekaa pale nikiwaza antena yako badala ya kusali, nikakumbuka. Basi niambie: wewe na Kaliza mlikaa wapi mlipokuwa mnafunga nusu zenu kwenye fremu? Mlikaa upande mmoja wa meza, au mlitazamana? Upande ule unaoingiza mawimbi kwenye kila kipande, wewe uliuelekeza wapi na yeye wapi? Kama kila mtu aliuelekeza tumboni kwake, nusu zote mbili ziko sawa, kama mnavyoapa, ila moja imesimama kichwa chini. Wanane wanasukuma, wanane wanavuta. Mbele zinafutana, pembeni zinapona. Zungusheni nusu moja.

Nimefurahi mno. Nilicheka peke yangu ghalani.

Kuhusu lile lingine, hukunijibu nawe.

Eustadia

Jumatano asubuhi. Révérien hakupita, lori limekwama Rusumo. Nimemwomba Sista mara moja tu, akatikisa kichwa. Barua hii inakaa kabatini kwake hadi Pasaka.

*

Kabeza, ofisini
30 Machi 2025

Eustadia,

Najua ni Kwaresima, Révérien ameniambia. Lakini anasema aliambiwa getini kuna barua yangu imeandikwa na haitoki. Imeandikwa na haitoki! Hata mahabusu wana afadhali. Naandika hivyo hivyo, utaisoma watakapopenda.

Maji yamezidi unga. Wageni wanaotaka kuona bamba likifanya kazi kabla ya kutoa fedha walikuja Alhamisi. Walisimama juu ya paa, Manzi akasimama Gatsata, nikawasha. Dakika za mwanzo niliwaambia kipokezi kinapata moto. Baadaye nikawasindikiza chini. Frederick, mkuu wetu, hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema tu kwamba mwisho wa Juni kama bado ni hivi, chumba hiki kitafungwa na kila mtu ashike njia yake.

Jioni ile mimi na Kaliza tulirushiana maneno. Nilimwambia afumue nusu yake yote aanze upya. Akanijibu kwa upole wa kutisha kwamba yeye ameshaikagua yake mbele yangu, na mimi yangu sijawahi kuikagua mbele yake. Ni kweli. Nilifungua kifuniko nikiwa nimesimama upande wangu wa meza, nikakagua, nikafunga. Yeye hufanya hivyo upande wake. Sasa tunafanya kazi kwenye meza moja bila kusalimiana, na hakuna nyingine ya kuhamia.

Nikuambie jambo nililolificha. Nilishamweleza Frederick habari zako. Amekubali kukupokea hapa kwa mazoezi ukimalizia shahada. Nilitaka nikushangaze. Nilidhani bamba likifaulu nitakuja Ngara nikiwa kifua mbele nikuchukue. Njoo, Stadia. Nimekukosa sana. Hapa kila mtu ana majibu na hakuna anayeuliza.

Protas

*

Kibagabaga
13 Aprili 2025, Jumapili ya Matawi

Eustadia,

Mama anakusalimu. Wiki nzima jiji lilikuwa kwenye kumbukumbu ya mauaji ya kimbari, hatukupanda paani, na kimya hicho kilinifaa. Bado hatusalimiani mimi na Kaliza, ila juzi aliniachia chai.

Najua ni mfungo, ila kama umenyamaza pia kwa sababu ya nilichosema kuhusu ng'ombe, niambie nikuombe radhi.

Protas

*

Ngara
21 Aprili 2025, Jumatatu ya Pasaka

Kaka yangu mpendwa,

Bwana amefufuka! Shikamoo. Jana baada ya Misa Sista Pamela aliniita chumbani kwake akanipa barua zako mbili kwa pamoja, na ile yangu ya Machi akanirudishia nikutumie. Iko ndani ya bahasha hii. Isome kwanza, nenda mezani, halafu urudi hapa.

Umerudi? Sista anaomba nikuandikie maneno yake kama alivyoyasema. Alizisoma zako moja baada ya nyingine, huku akijua jibu liko kabatini chini ya taulo zake. Alisema, "Kwaresima hii sikujinyima sukari. Nilijinyima kumwambia kaka yako." Anasema haijawahi kuwa ngumu namna hiyo, na kwamba angeomba ruhusa kwa Mama Mkuu kama angejua ni aibu ya watu wawili na si chuma tu. Mimi nililia kidogo, nikamkasirikia, kisha nikamwona ana mifuko chini ya macho.

Mwombe Kaliza radhi kabla ya kufungua skrubu, si baada.

Sikukunyamazia kwa sababu ya ng'ombe. Ng'ombe ni haki yako kumsema. Habari ya Frederick nimeisoma mara nyingi. Nipe muda. Jina la atakayesimama mahali pa Baba linatakiwa kufikia Pentekoste, na mahali pale pako wazi bado.

Eustadia

*

Kibagabaga
11 Mei 2025

Dada yangu wewe,

Shikamoo naitoa mimi leo, tena kwa kupiga magoti.

Nilimwomba Kaliza radhi. Alisema, "Nimesikia," akaendelea kula mkate. Nikampa barua yako ya Machi aisome mwenyewe. Alisoma, akatazama meza, akanitazama mimi niliyekuwa upande wa pili kama siku zote, akaweka mkono mdomoni. Tulifungua vifuniko vyote viwili kwa wakati mmoja, kwa mara ya kwanza, tukasimama upande mmoja. Lo! Mtoto wa chekechea angeona. Yake ilielekea kwake, yangu ilielekea kwangu. Meza ni moja, taa ya kulehemu ni moja katikati, kwa hiyo tangu mwanzo tunafanya kazi tukitazamana, na kila mtu alifunga nusu yake kama anavyokaa.

Halafu tukagombana upya, nusu ya nani ndiyo igeuzwe. Mimi sikutaka yangu, yeye hakutaka yake, maana itakayogeuzwa ndiyo itaitwa iliyokosea. Manzi alichoka kutusikiliza, akachukua bisibisi akaigeuza iliyokuwa karibu naye. Ilikuwa yangu.

Tuliwasha Jumatano asubuhi, hewa imeoshwa na mvua. Manzi alipiga simu nikasikia mlio nyuma yake kabla hajasema neno. "Bosi," akasema, "iko inalia mpaka watu wa hapa wananikasirikia." Kaliza aliruka juu ya paa hadi nikamshika mkono asije akaanguka. Tukazima amplifaya moja, mlio ukapungua kidogo tu. Tukazima ya pili, bado. Frederick alipanda mwenyewe kusikiliza kwa simu, akacheka, akaagiza wale wageni waitwe tena.

Unaona? Umekaa kwenye kilima Ngara, bila mita, bila kompyuta, ukaona tusichokiona sisi tuliokuwa tumekiegemea. Frederick ameuliza utakuja lini. Nimemwambia Septemba. Usinifanye mwongo. Mahali pako ni hapa, na chuki ya ng'ombe yule ni ushahidi tosha.

Protas

*

Ngara
8 Juni 2025, Pentekoste

Kaka Protas, shikamoo.

Nilipopata barua yako niliisoma kwa sauti wakati wa chakula, kwa ruhusa. Manzi alipigiwa makofi. Sista Pamela aliinama akajifanya anatafuta kijiko.

Mama ameniandikia kwa mkono wa jirani. Goti limepata nafuu, analikanda kwa maji ya moto, anasema ni wazo lake.

Sasa nakujibu, na nimelichelewesha kwa sababu nakupenda. Nilimweleza Sista kila kitu. Nilimwambia kwamba siku ile nilipogundua, furaha niliyoipata ilikuwa kubwa kuliko sala yoyote ya mwezi ule, na nikamwuliza kama hiyo si dalili kwamba nimepotea njia. Nilitaka aniambie niende. Kweli, nilitaka. Akaniuliza, "Furaha hiyo ilikukuta ukiwa wapi?" Nikamwambia kanisani. Nilimchukia siku mbili.

Wewe unadhani nimekuja hapa kwa sababu nimechoka kuuliza. Sivyo, kaka. Kule chuoni kila swali nililouliza lilikuwa la kitu kilicho nje yangu, nikasimama mlima wa pili na kipimo changu. Nilikuwa hodari, na ningeendelea kuwa hodari. Lakini kuna hili moja ambalo halipimwi kutoka ng'ambo. Mtu akijitoa mzima, asibakize kitu, anakuwa nani? Sijui. Hakuna aliyeweza kunijibu, hata Sista, na ana miaka mingi humu. Lazima uingie. Labda watanipeleka kufundisha fizikia shule ya wasichana, labda nitabaki na ng'ombe. Nataka kujua, Protas. Nataka kujua kuliko nilivyotaka kujua kitu chochote.

Mshukuru Frederick. Sitakuja Septemba.

Leo ndiyo siku ya kuandika jina. Nimeandika lako, bila idhini yako, kwa kuwa sina lingine. Kama hutakuja, nitatembea peke yangu kutoka mlangoni, na Mama Mkuu atauliza swali lake mbele ya nafasi tupu. Sitakulaumu. Lakini nitakuwa natazama mlango.

Eustadia

*

Kibagabaga
6 Julai 2025

Stadia,

Barua yako nimekaa nayo siku nyingi. Mara ya kwanza niliikunja nikaiweka, nikasema sijibu, na yeye ajue kusubiri kulivyo. Mara ya pili nilimwonyesha Kaliza. Aliniuliza, "Sasa wewe kinachokuuma ni kwamba amekosea, au ni kwamba hakukuchagua?" Nikatoka nje.

Wageni walirudi, wamefurahi, kazi inaendelea. Nakuambia kwa sababu utauliza. Bamba la pili tumelifunga tukiwa tumekaa upande mmoja, bega kwa bega, tunagongana viwiko.

Nilikwenda Muleba kumwuliza Mama. Nilitaka aseme hapana ili niwe na wa kuniunga mkono. Alikuwa anamenya ndizi. Akasema Baba siku alipokupeleka chuo alirudi akalala bila kula, na asubuhi alimwambia kwamba mtoto yule hata ukimfungia chumbani atauliza ukuta. Kisha akaniuliza shati gani nitavaa.

Nimejaribu kulijibu hilo swali la Mama Mkuu, peke yangu, kwa sauti, paani, ambako hakuna mtu. Je, mnamtoa binti huyu kwa hiari yenu? Sina hiari hiyo. Nimeitafuta, sina. Ninataka ukae meza moja nami, unisumbue na maswali hadi tuzeeke. Sielewi unachokwenda kukitafuta, na sitajifanya naelewa, wala Sista Pamela asinifundishe.

Lakini umeniambia kwamba unataka kujua, na mimi katika maisha yangu yote sijawahi kukuona ukitaka kujua kitu halafu mtu akakuzuia na akawa sahihi.

Nitakuja. Nitafika tarehe kumi na nne Agosti na Mama, na Kaliza ameomba kuja pia, mtafutieni mahali pa kulala. Wakiniuliza, nitasema ndiyo, kwa sauti, watu wote wasikie. Ombi langu ni moja. Tukiwa tunatembea kutoka mlangoni, usinishike mkono na usinitazame. Nikikuona unatabasamu sitaweza kulisema.

Kaka yako,
Protas